Mama wa Kuimbisha

Pale mochari Nakuru kuna mama wa kwaya anayeimbisha waombolezaji mwili ukitolewa. Hashiki kitabu. Huja na gambuti zake za mpira zenye matope, huvuta shali begani, kisha hulaza juu ya jeneza kiganja kipana kilichopasuka kwa kulima. Kabla hajafungua mdomo huwauliza wafiwa swali lile lile: "Mnampeleka wapi?" Wakitaja shamba, Njoro au Subukia, huanzisha wimbo wa kurudi nyumbani, kwa sauti inayokwaruza kama jembe kwenye changarawe. Wakisema makaburi ya mji, huimba mwingine, mfupi. Siku moja msichana alimsihi aimbe ule wa nyumbani hata kama ni mjini. "Kwao mtu ni kwa mchanga wao," alimjibu polepole. "Mimi siimbi uongo mbele ya maiti."

Ijumaa tuliyomchukua baba, kiganja kilipotua juu ya jeneza lake na swali likaulizwa, mimi niliangalia gambuti. "Molo, mathe. Kwa shamba," nilimjibu. Kwenye shamba hilo tulifukuzwa nikiwa darasa la tatu, na leo wanalima wengine. Akaimba ule wa nyumbani. Mama yangu akalia kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze. Kisha gari likatoka getini, na badala ya kushika barabara ya Molo likakata kona ya makaburi ya mji. Niligeuka kutazama nyuma. Wanakwaya walikuwa bado wanaimba. Yeye alikuwa amefunga mdomo, anapangusa kiganja chake kwenye sketi.