Nyimbo Nilizotangaza Zimekufa

Acheni nijicheke kwanza mwenyewe, halafu nanyi mnicheke. Miaka ile kompyuta zinaanza kuingia Same, mimi ndiye niliyeitwa fundi pale dukani kwetu. Kwaya moja ya Suji, kule milimani, ilirekodi nyimbo kwetu. Dada Rehema, mwenye duka, akaenda Moshi kununua CD tupu, akaniachia kazi ya kuchapa maneno ya nyimbo.

Kwa ujuaji wangu nikafungua wimbo kwa programu ya kuchapia barua. Kompyuta ikaniuliza kama nyimbo zote zifunguliwe hivyo siku zote. Nikakubali kwa mbwembwe. Tangu hapo kila wimbo niliougusa ulikuwa barua iliyojaa alama kama siafu. Nikampigia simu Mama Namkunda, kiongozi wa kwaya.

"Shikamoo mama. Virusi vimeua nyimbo zote."

"Marahaba. Usihuzunike mwanangu. Sauti si bado tunazo?"

Kesho yake wakashuka mlimani wote na sare zao, kwenye lori la tangawizi. Hakuna aliyenilaumu. Waliimba upya kwenye joto lile la Same, wakaimba vizuri hadi wapita njia wakajaa mlangoni, nami machozi yakanitoka.

Wakiwa kwenye wimbo wa mwisho, Dada Rehema akarudi. Akaitazama kompyuta, akabofya, akachagua programu ya muziki. Spika zikapaza wimbo uleule, kwa sauti zilezile. Kwaya ikakatiza wimbo.

Mama Namkunda akanigeukia, jasho likimtiririka. "Mwanangu, hawa marehemu mbona wanaimba?"