Usimsalimie Saliha Akihesabu

Mi nauza chai na sambusa mtaa wa Buyenzi, mlango unaotazamana na wa Saliha, mwaka wa ishirini na mbili huu. Kwa hiyo mtu asije hapa kunisimulia habari za Saliha. Nazijua kuliko yeye mwenyewe.

Saliha anasuka mota. Mota ya pampu, ya mashine ya kusaga, ya kukandia mkate, yoyote ikiungua unamletea. Anazitoa nyaya za shaba zilizoungua, anaweka mpya, mzunguko kwa mzunguko, kwa mkono. Ni kazi ya baba yake, marehemu mzee Aboubacar. Mzee alikuwa na wavulana watatu, wote wakakimbilia kuuza matairi, maana kusuka mota kunataka mtu anayeweza kufunga mdomo. Saliha ndiye aliyekuwa akimpelekea baba chai. Siku moja akakaa kuangalia, akashika waya, na darasa la saba hakuliona. Sasa ana miaka arobaini na nane, na mota aliyoisuka haijawahi kurudi imeungua. Haijawahi, nasema!

Siri yake ni hesabu. Ana makopo mawili na maharage. Kila mizunguko kumi ya waya, haragwe moja linatoka kopo la kushoto linaingia la kulia. Sasa shida iko hapa: Saliha ukimtolea salamu ataitikia tu, dini yake haimruhusu kukunyamazia. Na akiitikia, hesabu imekwenda na maji, anaanza upya. Basi tangu enzi za mzee barabara nzima tulielewana: fundi akiwa kwenye kigoda na waya mkononi, hakuna salamu. Hata imamu anapita kimya, mkono kifuani. Heshima hiyo Buyenzi imewapa watu wawili tu, mzee Aboubacar na binti yake.

Halafu asubuhi moja ikaingia shati nyeupe iliyopigwa pasi.

"Bonjour, madame!"

Nilitamani kumrushia kifuniko cha birika. Saliha alikuwa na maharage matano kopo la kulia. Akafumba macho, akaitikia salamu, akamwaga maharage yote, akaanza upya. Yule kijana akabaki amesimama na bahasha yake mkononi, hajui amekosa nini.

Aliitwa Régis, mtoto wa Mutanga Sud, mtaa wa wenye pesa. Nilimwita kwangu, nikampa sambusa, akanieleza. Chuo kikuu kilikuwa kimechagua wanafunzi kumi na wawili, wale vichwa kabisa, na profesa wao, bwana Maxime, akasema hawa wameshiba karatasi, sasa wakajifunze kwa mikono. Kila mmoja wiki sita kwa fundi. Fundi anaandika maoni kwenye fomu, na profesa anapita siku moja bila kutoa taarifa ili atoe alama. Atakayepata chini ya kumi na sita kwa ishirini anatolewa kwenye kundi, nafasi yake anapewa mwingine.

"Mama ameshatangaza parokia nzima kwamba mi ni mmoja wa wale kumi na wawili," akaniambia. "Nikitolewa, sijui nitapita wapi."

Nikamwonea huruma, jamani. Ila nikamwambia ukweli: "Basi anza kwa kufunga mdomo."

Wiki tatu alifagia, alikata karatasi za kuwekea kwenye mota, alipaka vanishi. Shati nyeupe ikawa rangi ya chai yangu. Haya, wiki ya nne, Jumatatu, akaja Spéciose wa Mutakura, mwenye mashine ya kusaga, mota yake iko kwenye toroli, imeungua inanuka. Machozi yalikuwa karibu. "Saliha dada yangu, ng'ambo ya barabara wamefungua mashine nyingine. Jumamosi kama sijawasha, wateja wote wamehama."

"Jumamosi utasaga," Saliha akasema.

Siku ya pili Saliha alikuwa na msiba Bwiza. Akamwambia Régis, "Toa nyaya za zamani. We mutoto mwenye akili, unajua la kufanya." Akaenda zake.

Kosa alilofanya mtoto yule asingelifanya fundi wa mwezi mmoja. Ukitoa bobini ya zamani, yaani lile fungu la waya, unahesabu kwanza lina mizunguko mingapi, ndiyo unaitupa. Régis hakuhesabu. Alikata, akavuta, akamwachia Rachid wa vyuma chakavu aliyekuwa akipita na mkokoteni, kisha akafungua daftari akapiga hesabu zake za chuo. Alijaza kurasa mbili. Saliha aliporudi alimkuta anatabasamu.

"Bobini za zamani ziko wapi?"

"Nimempa Rachid, Mama. Hazitakiwi tena, nimeshapata idadi. Mizunguko sitini na nne."

Yarabi! Niliweka birika chini. Saliha hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Alichukua kalamu ya risasi, akaitoa ile fomu ya chuo chini ya mto wa kigoda chake, na pale kwenye maoni akaandika neno moja. Nililiona kwa macho yangu: HASIKILIZI.

"Mota hii haijui kwamba we ni wa kwanza darasani," akamwambia. "Spéciose naye hajui. Yeye anajua Jumamosi."

Régis alitoka mbio. Nikasema basi, huyo amerudi Mutanga Sud kulia kwa mama yake. Kumbe alikimbilia kwa Rachid. Uwanja wa Rachid kuna shaba ya mji mzima, mlima kabisa, na jua lilikuwa la saa saba. Rachid alicheka mpaka akakohoa. Régis akapiga magoti, akachambua fungu moja moja, akilinusa.

Ndiyo, akilinusa! Mota ya mashine ya kusaga hula unga miaka yote, na unga ukiungua pamoja na vanishi una harufu yake, kama ugali ulioshika chini ya sufuria. Hilo halimo kwenye daftari lolote. Alasiri alirudi amekumbatia mafungu yake, mweusi uso mzima, akaketi chini akahesabu ncha za waya mara tatu.

"Mama," akasema polepole, "ni hamsini na nane. Si sitini na nne. Lakini hesabu yangu haikukosea..."

"Haikukosea. Hiyo ni ya umeme wa kwenye kitabu. Mutakura jioni, kila mtu amewasha chake, umeme unachoka. Aliyeisuka mota hii alipunguza mizunguko na kuchukua waya mnene kidogo, ili ivute hata umeme ukiwa mnyonge. Ungeweka sitini na nne, jioni ingekwama na kuungua tena." Kisha akachukua lile fungu, akaona jinsi uzi unaolishikilia ulivyofungwa, mafundo mawili yameelekea kushoto. Akaliweka mapajani kama anapakata mtoto. "Baba huyu," akasema. "Mkono wa baba yangu huu."

Mi nililia, sifichi. Na mzee alikuwa akinidai maneno mazuri, maana nilimsema sana enzi zake.

Ijumaa asubuhi Saliha alimwachia Régis kigoda. Hajawahi kumwachia mtu. Bobini sita mfululizo kwa waya mmoja usiokatwa, ukikosea moja umepoteza zote, na waya wa saizi ile ulikuwa umebaki huo tu. Saliha akaenda sokoni makusudi, asimsimamie kichwani.

Régis alikuwa kwenye bobini ya nne nilipoona gari likisimama. Akashuka bwana wa miwani, koti zuri, faili kwapani. Profesa huyo! Siku zote arobaini, amechagua dakika hii!

"Bonjour, Régis!" akasema, na mkono akaunyoosha.

Régis hakuinua uso. Midomo yake ilikuwa ikienda, thelathini na moja, thelathini na mbili. Jasho likamtoka shingoni, nikajua amesikia. Mkono wa profesa ukabaki hewani.

"Régis, nimekusalimia."

Nilivuka barabara mbio na kijiko mkononi. "Monsieur, apana! Muache! Anahesabu!"

"Mama, mimi ndiye ninayempa alama."

"Hata ukiwa waziri! Njoo ukae, unywe chai, ufunge mdomo."

Sijui nilipata wapi ujasiri huo. Jirani yetu muuza matairi akatoka, Rachid akasimamisha mkokoteni, na wote wakaweka kidole mdomoni kumtazama profesa. Akakaa. Haragwe likahama. Haragwe likahama. Saliha akarudi na kikapu, akamwona mgeni, akapita kimya akaketi kando yangu. Dakika kumi na mbili barabara yetu haikupiga hata honi.

"Hamsini na nane," Régis akasema hatimaye, akafunga uzi mafundo mawili kuelekea kushoto. Ndipo akasimama. "Bonjour, monsieur. Nisamehe. Nilikusikia."

Profesa alimgeukia Saliha. "Fundi, fomu yako."

Saliha aliitoa chini ya mto wa kigoda. Lile neno lilikuwa bado pale. Akaomba kifutio cha Régis, akalifuta mpaka karatasi ikakaribia kutoboka, kisha akaandika kwa kalamu ya wino, herufi kubwa, taratibu, ulimi nje kidogo kama mtoto wa shule. Profesa akasoma mara mbili.

"Hii ina maana gani?" akauliza.

Nikachungulia begani kwake. Iliandikwa: UKIMUKUTA ANAHESABU, USIMUSALIMIE.

"Kunywa chai yako kwanza, monsieur," nikamwambia. "Nikueleze wasiosalimiwa wakihesabu walivyokuwa wawili, na sasa ni watatu."