Cheti cha Dakika Ishirini

Vyeti vile nilivichapa mimi, kwa hiyo nisijifanye msafi. Naitwa Zuwena, karani wa stoo ya vinywaji hapa Tabora. Ninayemsimulia ni Mzee Issa wa Ng'ambo, aliyeendesha malori miaka thelathini na moja bila kugonga hata kuku, na hukai naye dakika mbili bila yeye kukwambia hivyo. Magoti yalipomkataa, bosi wetu Adriano alimpa kazi ya kuwafundisha madereva usalama. Mzee alifurahi mno. Alinunua hata miwani ya kusomea.

Furaha ya bure. Adriano alimkabidhi karatasi yenye mambo kumi na mawili, akampa dakika ishirini za kuyafundisha, asubuhi, malori yakiunguruma uani. "Wanywe chai, wasaini, waondoke." Mara ya kwanza mzee alibisha. Mara ya tatu alikuwa ameshazoea. Akawa anafundisha jambo la saba tu, la kulinda mzigo, maana ndilo bosi alilokuwa akiuliza. Na ili linoge, alilitungia maneno yake: "Mchungaji haachi ng'ombe porini. Dereva haachi mzigo. Hata iweje!" Madereva wanacheka, vikombe vinakusanywa, mzee anasaini vyeti vya mafunzo, mimi navigawa. Miwani ilikuwa haitoki mfukoni.

Ngollo hakucheka. Alikuwa dereva mgeni, mtu wa Igunga, aliyekulia nyuma ya ng'ombe wa baba yake. Nilimwona akiitikia kwa kichwa, taratibu, macho kwa mzee. Kwao maneno yale hayakuwa utani.

Alhamisi moja ya Machi, saa nne asubuhi, mzee alikuwa mezani kwangu akinywa chai simu yake ilipoita. Akaweka spika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Ngollo. Umeshafika?"

"Nimenasa, mzee. Hapa kwenye kivuko cha reli, kabla ya Igalula. Mvua imekula udongo wa pembeni, tairi la nyuma limezama. Gari limekaa juu ya reli."

Mzee Issa alisimama ghafla, chai ikamwagika kwenye risiti zangu. "Na treni?"

"Mama anayeuza viazi hapa anasema ya mizigo hupita muda huu. Anasema ameshasikia honi kwa mbali." Alikuwa anahema. Siku hiyo alikuwa peke yake, kwa sababu Adriano alikuwa ameshawaachisha kazi matingo wote, wale wasaidizi wa madereva. "Watu wamejaa, mzee. Wanaziangalia kreti. Nimejifungia ndani."

"Shuka!"

"Nikishuka watabeba soda zote."

"Ngollo, shuka ukimbie!"

"Siwezi kuacha mzigo, mzee. Ulisema hata iweje."

Alisema kwa adabu kabisa, kama anayejibu swali darasani. Nasema kweli, nilitaka kumzaba yule mzee kibao. Kisha nikakumbuka vyeti vimechapwa na nani. Nikashika simu yangu, nikampigia mjomba anayefanya kazi stesheni. Nilimweleza kwa sentensi mbili. Akaniambia nisikate, akaanza kuwatafuta wenye treni.

Mzee Issa alikuwa bado anafoka. Shuka, shuka, wewe mtu una akili kweli? Na kadiri alivyofoka ndivyo Ngollo alivyozidi kung'ang'ania. Tukasikia honi kwenye spika, hafifu, lakini tuliisikia wote wawili. Mzee akakaa, akaivuta simu karibu na mdomo, na sauti yake ikashuka.

"Ngollo. Kwenu mna mkokoteni?"

"Upo."

"Ukinasa mtoni, na maji yanakuja, mnafungua nini kwanza? Magunia?"

Nyuma yake watu walikuwa wakipiga kelele na kugonga mlango wa gari.

"Ng'ombe," alisema. "Tunawatoa ng'ombe kwenye nira. Magunia yatajijua."

"Basi kwenye gari hilo ng'ombe ni wewe. Toka kwenye nira, mwanangu."

Siku nyingine yoyote, ukimwita mtu ng'ombe hapa mjini mnakunjana mashati. Siku ile nilisikia kitasa cha mlango kikifunguka, nikashusha pumzi.

"Nimetoka."

"Shati lako la rangi gani?"

"Jekundu, hili la kazi."

"Livue! Kimbia upande treni inakotokea, pembeni ya reli, siyo katikati! Lipunge!"

Tukasikia kokoto zikilia chini ya viatu vyake, na pumzi zake. Halafu honi tena, ndefu, karibu sana, ikafunika kila kitu. Simu ikakatika.

Mzee alipiga, haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. Mjomba alirudi hewani akasema treni imesimama, ila hajui imesimama kabla ya lori au baada. Nilimwambia mzee hivyo hivyo, kwa sababu nilishachoka na uongo wa siku zote zilizotangulia. Tulikaa dakika arobaini. Alikuwa amevaa ile miwani na hakuna alichokuwa anasoma.

Ikaingia namba tusiyoijua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," alijibu, akalia pale pale mbele yangu, mtu mzima, bila kujificha.

Treni ilikuwa imepunguza mwendo, lakini haikuwahi kusimama kabla ya kivuko. Ililisukuma lori hadi mtaroni na kuliminya upande wa dereva. Hakuna aliyeumia. Soda zilinywewa zote, na ya Ngollo aliletewa na yule mama wa viazi, ambaye ndiye aliyemwazima simu, maana yake ilidondoka kwenye kokoto akikimbia.

Kesho yake Adriano alikuja na faili. "Cheti chake hiki hapa," alisema. "Alifundishwa, akasaini. Kosa ni la dereva."

Mzee Issa alikipokea, akakisoma, akakikunja mara nne. "Hiki ni cha uongo, na aliyesaini uongo ni mimi. Andika hivyo kwenye faili lako."

"Na mimi ndiye niliyevichapa," nikasema. Adriano alitutazama mmoja mmoja, akafunga faili.

Ngollo alikuwa amesimama mlangoni, suruali bado ina tope la Igalula. Sijui alikuwa amesikia kiasi gani. Alisalimia, akavuta kreti tupu, akakaa mbele ya mzee.

"Mzee, ile karatasi ilikuwa na mambo kumi na mawili. Yale mengine yanasemaje?"

Mzee aliitafuta karatasi kwenye droo yangu. Ilikuwa na doa la chai. Akavaa miwani, akakohoa, na nikaona anasitasita, maana hakuwahi kuisoma yote mbele ya mtu.

"La kwanza," akasoma. "Hatari ikitokea, dereva aokoe kwanza maisha yake. Mzigo baadaye."

Ngollo alilisikiliza mpaka mwisho.

"Hili ungeanza nalo, mzee," akasema.