Spika Alizozichagua Mke Wangu

Nilifanya kazi katika kiwanda cha sukari kwa miaka ishirini na tisa, na muda huo wote nilijivunia kitu kimoja tu: masikio yangu. Wenzangu walijivunia ng'ombe wa gredi au watoto waliofika chuo kikuu. Mimi nilikuwa fundi wa mitambo. Nikitaka kujua kama beringi inakaribia kufa, naweka ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini naubana sikioni, nafumba macho. "Hii haimalizi wiki mbili," nasema. Na kweli haimalizi. Wahandisi wenye digrii zao walikuwa wakinifuata hadi kantini, niache chai yangu nikawasikilizie mashine.

Tulipewa vifuniko vya masikio, vizuri, vipya, na ukutani palikuwa na picha ya kutuonyesha jinsi ya kuvivaa. Sisi mafundi tulivivaa shingoni. Fundi anayefanya kazi kwa kusikia atajizibaje masikio? Ndivyo tulivyoambiana, na waliovivaa sawasawa tuliwaita mabibi harusi. Kwa hivyo sina wa kumlaumu. Niliyoyafanya niliyafanya kwa kichwa changu kigumu, na aliyeumia ni mke wangu.

Yeye alikuwa mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya ya parokia, upande wa Mukumu. Kabla hatujapata kifungua mimba wetu, kwaya ilirekodi kaseti, na katika wimbo wa tatu ni yeye anayeanza peke yake, ubeti mzima, kabla wengine hawajaingia. Kila Jumapili baada ya misa, chai ikiwa mezani na viazi vitamu vimefunikwa kwa kitambaa, tuliiweka kaseti hiyo kwenye redio yetu ndogo. Watoto waliichoka, ikianza tu, wanatoroka nje. Sisi tunabaki. Wimbo wa tatu ukifika mahali fulani, yeye anasema, "Hapo nilichelewa kidogo." Mimi namjibu, "Hakuna aliyesikia." Ananipiga begani, tunacheka. Miaka nenda miaka rudi, maneno ni hayo hayo. Ukiniuliza ndoa yetu ilikuwa nini, nitakuambia ilikuwa hiyo.

Nilipostaafu nikasema, sasa huyu mama ataisikia sauti yake inavyostahili. Wenzangu walinunua pikipiki za kukodisha. Mimi nikataka spika.

"Hiyo redio imekukosea nini?" aliniuliza. Lakini alifurahi, nilimwona. Alivaa gauni la kanisani, akaitia kaseti mkobani, tukaenda mjini Kakamega.

Nyuma ya soko kulikuwa na mtu anayeuza vyombo vya muziki vilivyotumika, vile vinavyotoka ng'ambo. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, na alijua kazi yake. Alituonyesha kwanza mpira unaozunguka koni ya spika. "Ukiuona unamumunyika kidoleni, hata kama bei ni tamu, wacha," alisema. Akabonyeza koni kwa vidole vinne, polepole, ili tusikie kama kuna kitu kinakwaruza ndani. Akageuza spika tuone maandishi ya nyuma. Amplifaya aliyotuchagulia ilikuwa ya wati arobaini, imeandikwa omu nane, kile kipimo cha ukinzani wa umeme. "Hii itavutana vizuri na spika za omu nane," akasema. "Ukiifunga na za omu nne, itabebeshwa mzigo usio wake. Itachemka." Mimi nikatikisa kichwa kama mwalimu anayesikiliza mwanafunzi, kwa sababu mambo ya mzigo na moto, nani angenifundisha mimi?

Alikuwa na jozi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mbao ya kahawia, nzee, kona zimegongwa, omu nane. Ya pili ilikuwa nyeusi, inang'aa, na juu ilikuwa na spika ndogo ya chuma, ile inayotoa sauti nyembamba, mafundi huiita twita. Hiyo ilikuwa omu nne.

"Mama, kaa hapa katikati," mwuzaji alimwambia mke wangu, akamvutia stuli. Vitufe vyote vya sauti akaviweka katikati, akaweka kaseti yetu, akaanza na zile za kahawia.

Mke wangu alifumba macho. Wimbo wa tatu ulipoanza niliona midomo yake ikienda pamoja na kaseti. Alipofumbua macho yalikuwa na machozi.

"Hizi ndizo," alisema. "Baba watoto, huyu ni mimi kabisa. Hata pumzi nimeisikia nikiivuta."

Mimi sikusikia pumzi yoyote. Nilisikia wanaume wa besi na ngoma, na mbali huko mwanamke anayeimba akiwa amefunikwa blanketi. Nikamwambia mwuzaji alete zile nyeusi. Alipozifunga, nikanyoosha mkono mwenyewe nikazungusha kitufe cha sauti nyembamba hadi mwisho. Hapo ndipo mke wangu alipotokea, kwa masikio yangu, wazi, kama yuko mlangoni. Nikageuka kumwangalia nikitabasamu. Alikuwa ameziba masikio kwa mikono miwili.

"Punguza! Wee, punguza!" alisema. "Huyo si mimi. Huyo ni mbu."

"Wewe umezoea redio ya betri," nikamwambia. "Sauti safi lazima ikushtue."

Mwuzaji alikohoa kidogo. "Mzee," alisema kwa heshima, "mimi ningemsikiliza mama. Yeye ndiye anayeijua hiyo sauti."

Lo, nilivyowaka! Nikamweleza mwuzaji huyo mimi ni nani. Nikamweleza habari za bisibisi na beringi, mbele ya wateja wengine wawili. Nikamwuliza kama yeye aliwahi kuisikia mashine ikifa wiki mbili kabla haijafa. Mke wangu alinyanyuka kwenye stuli akakunja kitambaa chake. "Sawa," alisema. "Chukua unazotaka." Nikachukua zile nyeusi, na ile ile amplifaya ya omu nane, kwa sababu ilikuwa nzito na niliipenda.

Ilichemka, bila shaka. Ndani ya nusu saa ungeweza kukaangia yai juu yake, halafu inajizima yenyewe. Nikaiwekea feni. Mke wangu alisimama mlangoni siku hiyo akatazama feni, akatazama amplifaya. "Nilidhani umeninunulia redio," akasema, "kumbe ni jiko." Nilikataa kucheka. Leo ningelipa chochote nirudi pale mlangoni nicheke.

Jumapili ya kwanza alivumilia hadi wimbo wa pili, akasema kichwa kinamgonga. Jumapili ya pili akasema anaenda kuangalia mboga. Baadaye hakutoa hata sababu. Tukirudi kanisani, anaingia jikoni na chai yake, anafunga mlango, na mimi nakaa sebuleni na spika zangu nyeusi, feni ikivuma. Nikiona mlango umefungwa, naongeza sauti. Ndiyo, nilikuwa naongeza. Nilitaka akubali kwamba ni nzuri. Mara moja alitoka akasema, "Mimi siombi zirudishwe. Naomba tu urudishe hicho kitufe katikati tusikilize pamoja." Nikamwambia nikikirudisha sisikii kitu. "Basi enda ukapimwe," alisema. Nikamwambia mtu wa kupimwa ni yeye.

Ilichukua karibu mwaka mzima nikubali, na hata hapo ni kwa sababu mjukuu aliniita mara tatu nyuma yangu sikugeuka. Nilikwenda hospitalini peke yangu. Walinifungia katika chumba kidogo, wakanivalisha vifuniko vya masikio. Mara ya kwanza maishani navivaa sawasawa, na ni hapo! Nikaambiwa nibonyeze kila nikisikia mlio. Nilibonyeza, nikabonyeza, halafu kukawa kimya muda mrefu nikadhani mashine imeharibika. Kumbe milio ilikuwa inaendelea.

Binti aliyenipima alinionyesha mstari kwenye karatasi. Ulianza vizuri upande wa sauti nene, ukaenda, ukaenda, kisha ukaporomoka. "Mzee umefanya kazi wapi?" aliniuliza, na nilipomwambia hakushangaa. Alinieleza kwamba sauti nyembamba nimezipoteza, na kilichokwisha sikioni hakirudi. Kuna kifaa kinachoweza kunisaidia kusikia watu wakizungumza. Nimekinunua, ninacho. Kwenye mazungumzo kinafaa. Kwenye muziki kinaniletea kelele za bati.

Nilirudi nyumbani na karatasi mfukoni. Mke wangu alikuwa anachambua mchicha.

"Wamesema nini?"

"Ni nta tu," nikasema. "Wameitoa."

"Basi Mungu ashukuriwe," akasema, akaendelea na mchicha.

Sijui kama aliniamini. Nadhani hakuniamini. Nilikuwa na nafasi pale pale: yeye ameketi, mimi nimesimama, nyumba ina watu wawili tu. Maneno yenyewe yangekuwa matatu au manne. Ulisema kweli, mama. Nisamehe. Lakini mtu aliyejisifu kwa masikio miaka ishirini na tisa hasemi hivyo kwa urahisi, na mimi nikajipangia njia ya kona. Nikajiambia nitamtafutia zile spika za kahawia, nizifunge kimya kimya, niweke kitufe katikati, Jumapili moja atoke jikoni mwenyewe aje akae. Hapo nitakuwa nimeomba msamaha bila kufungua mdomo.

Nilipofika kwa mwuzaji aliniambia zile za kahawia zilikwenda wiki ile ile tuliyokuja. Mwalimu mmoja alizisikiliza kidogo tu akazibeba. Nikamwomba anitafutie nyingine za aina hiyo. Akasema zinakuja kwa nadra, nimpe muda. Nikampa muda. Kila wiki nilipita pale, na kila wiki nikarudi nyumbani nikamkuta mke wangu jikoni, nikanyamaza, nikisubiri spika.

Presha yake ilipanda siku ya Jumatano. Ijumaa alikuwa ameondoka. Hospitalini alinisemesha mara moja, alipokuwa amelala kwa ubavu, na sikupata alichosema. Nilikuwa nimesahau kile kifaa nyumbani. Niliitikia tu, "Ndiyo, ndiyo," kama nilivyozoea kuwaitikia watu. Mpaka leo sijui nilimkubalia nini.

Mwuzaji alinipigia simu miezi minne baada ya mazishi. Alikuwa amepata jozi, karibu zile zile, omu nane, mbao ya kahawia, mpira wa koni mzima. Hakujua habari zangu. Nilipomwambia, akasema ataniletea mwenyewe. Alizifunga yeye, na ile amplifaya. Saa nzima ikapita, nikaigusa, ilikuwa vuguvugu tu. Feni nikairudisha chumbani.

Kaseti sikuiweka peke yangu. Ningeiwekaje, na nani angeniambia? Nilimngoja binti yetu, yule kifungua mimba, ambaye ameolewa Lugari. Alikuja Jumapili. Nilimkalisha katikati, kama mwuzaji alivyomkalisha mama yake, nikaviweka vitufe vyote katikati na kukaa kando, mahali ninapouona uso wake.

Wimbo wa kwanza niliupata nusu. Wa pili vile vile: besi, ngoma, na blanketi. Kisha wimbo wa tatu ukafika, ngoma ikanyamaza na chumba kikawa kitupu kwangu. Nilimtazama binti yangu. Mkono wake ulipanda ukashika shingo.

"Ameanza?" nikamwuliza.

"Ameanza, Baba."

"Yuko wazi?"

"Yuko wazi kabisa. Hata pumzi namsikia."

Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. Mimi nilifumba macho, nikaegemea mbele, nikabana pumzi, nikafanya yote niliyokuwa nikifanya na bisibisi. Sikupata kitu. Nilipofumbua macho binti yangu alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, anatabasamu kidogo. Hakuwahi kukaa hadi wimbo huo alipokuwa mtoto.

"Hapo ni kama amechelewa kidogo," alisema.

"Hakuna aliyesikia," nikamwambia.