Mwinda Mazimwi na Nyumba ya Baba Mdogo

Nilikipata mjini Kisii, juu ya gunia lililotandikwa kando ya barabara, kati ya kitabu cha hesabu cha darasa la sita na kalenda ya mwaka uliokwisha. Wala sikuwa nakitafuta. Nilikuwa nimeshuka kununua sukari na mkate wa kupeleka nyumbani Desemba iliyopita, jicho likanaswa na jalada: mtu mfupi ametugeuzia mgongo, kamba begani, mbele yake kinamasi kilichojaa ukungu. Niliinama pale pale na mifuko yangu nikakishika. Muuzaji akaniambia, "Madam, hiyo ni ya kitambo lakini peji zote ziko." Alidhani nasitasita kwa sababu ya uchakavu wake. Hakujua kwamba nilikuwa nimekingoja kitabu hicho tangu nilipokuwa na miaka kumi.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu, kwa maana bila kueleza utaniona nimerukwa na akili.

Shamba letu liko juu kidogo ya Kebirigo, kwenye mteremko uliojaa chai kutoka barabarani hadi mtoni. Nililelewa na nyanya, mama yake baba. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na sanduku la bati lililojaa vitabu, na ukimaliza zoezi bila kosa alikuazima kimoja. Mimi nikapewa hicho. Kilikuwa na hadithi fupi kumi na mbili, zote za mtu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuzunguka vijijini akiwinda mazimwi. Alikuwa anachechemea. Hakuwa na silaha ya kutisha, ila kamba ya manyoya ya mbuzi na taa. Na alikuwa na desturi moja: hakuingia pangoni mwa zimwi lolote kabla ya kusimama mlangoni na kubisha hodi.

Sasa, siku hizo kulikuwa na risaga. Ni majirani wanaosaidiana shambani kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu, na mwenye shamba anapika. Risaga ya nyanya ilikuwa na wanawake watano, na wakati wa likizo mimi nilihesabiwa kuwa wa sita, ingawa sikustahili. Nilikuwa mchumaji mbaya sana. Badala ya majani mawili na kichipukizi, nilichuma chochote kilichokuwa kijani, na karani wa kituo cha chai akimimina kikapu chetu mezani alikuwa akitoa majani yangu magumu moja moja huku akimwangalia nyanya. Nyanya aliona haya. Siku moja akawaambia wenzake, "Mikono ya huyu haifai kitu. Labda tutumie mdomo wake."

Ndivyo nilivyopata kazi ya kusoma. Wao walisonga mbele katikati ya michai, vikapu mgongoni, vidole vikikata majani kwa ule mlio mdogo ambao hadi leo nikiusikia nahisi njaa, na mimi nilitembea nyuma yao na kitabu. Nilisoma sentensi kimya kwa Kiingereza, kisha nikaitoa kwa sauti kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani. Nisichokijua nilikibuni. Ngome ya mfalme ikawa boma la chifu. Theluji ikawa mvua ya mawe iliyokataa kuyeyuka. Mwinda alipokunywa mvinyo nikasema amekunywa uji wa wimbi, kwa sababu sisi ni Wasabato na sikutaka nyanya amchukie mapema.

Walimpenda. Walipenda hasa lile jambo la kubisha hodi. Jirani yetu wa chini, mwanamke mwenye sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya mto, alisema huyo amelelewa na mama, ona adabu yake. Kulikuwa na hadithi ya zimwi linalokula majina, hata watu wa kijiji kizima wakashindwa kuitana, na siku hiyo wanawake waliacha kuchuma kabisa, wakaanza kutajiana majina ya watoto wao wote, hata waliokufa, kuhakikisha yapo. Kulikuwa na lile la kinamasini lililolia kama mtoto mchanga. Jirani alikuwa na mtoto mchanga wakati huo, na alikwenda nyumbani mbio kumtazama, kisha akarudi akisema alikuwa amesahau jembe.

Nyanya hakuuliza habari za mazimwi. Kila hadithi ilipokwisha, wenzake wakiwa bado wanabishana, yeye aliuliza swali moja tu: "Na huyo mwinda, mtoto wa watu, alifika kwao?"

Nilijua kwa nini anauliza. Sote tulijua. Pembeni mwa boma letu, karibu na migomba, kulikuwa na nyumba ndogo ya baba mdogo, kitindamimba wa nyanya. Kwetu kijana akikomaa hujengewa nyumba yake, esaiga, hawezi kulala tena kwa mama. Baba mdogo alilala katika yake mwaka mmoja tu, akaenda kutafuta kazi upande wa Kericho, na habari zikakatika. Simsemi vibaya, simkumbuki hata sura. Lakini nyumba yake naikumbuka vizuri, kwa kuwa kila Desemba nyanya aliikandika upya, nje na ndani, udongo mwekundu na samadi mbichi, kama nyumba ya mtu aliyetoka asubuhi na atarudi jioni.

Kwa hiyo nilimjibu, "Bado. Ziko hadithi nyingine." Na jua la Ijumaa likikaribia kutua, nyanya alikichukua kitabu mwenyewe akakiweka juu ya dari hadi Sabato iishe. Alisema hata mwinda apumzike.

Tulifika hadithi ya kumi na moja siku ya mvua ya mawe. Unaijua ile yetu, inakuja mchana bila hodi. Wanawake walikimbia, mimi nikaona kitabu cha mwalimu kitalowa, nikakichomeka katikati ya majani kwenye kikapu cha nyanya, mahali pakavu kuliko pote duniani, kisha nikakimbilia kwenye banda la ng'ombe. Niliona nimefanya jambo la busara sana. Mawe yalipiga bati hata hatukusikiana. Yalipokwisha, lori la chai lilikuwa tayari linanguruma barabarani, na nyanya akaondoka na kikapu mbio bila kuniaga. Kwa kawaida majani humiminwa mezani yakakaguliwa. Siku hiyo karani alikuwa amelowa chapachapa na dereva anapiga honi. Nilifika kituoni nikihema, nikamsikia karani akipiga kelele, "Mama, weka tu kwa gunia, lori inaenda!"

Lilikwenda. Nilisimama barabarani nikalitazama likipanda mlima na mwinda wangu ndani, amezikwa kwenye majani mabichi. Nililia hadi kamasi. Jirani alicheka mpaka akakaa chini kwenye tope, na mwezi mzima, kila alipokunywa chai, alionja kwanza akasema, "Hii ina zimwi."

Kwa mwalimu nilikwenda mwenyewe. Nilimweleza yote. Alinitazama, mdomo ukimchezacheza, akauliza kama nilikuwa nimekimaliza. Nikasema bado moja. "Basi tuko sawa," akasema, "hata mimi ile ya mwisho sikuifikia." Hakunichapa. Lakini nilitoka pale nikiwa na huzuni inayouma kuliko viboko, kwa sababu yeye ndiye mtu pekee niliyetumaini angeniambia mwisho.

Desemba ikafika, na kukandika. Nyanya alikuwa ameanza kuvimba magoti, kwa hiyo mimi ndiye niliyechota udongo shimoni na maji mtoni, na kuukanyaga kwa miguu hadi ukawa laini. Tulianza na ukuta wa mbele wa nyumba ya baba mdogo. Yeye alipaka kwa kiganja kutoka kushoto kwenda kulia, nami nikafuata nyuma yake. Kisha bila kugeuka akauliza, "Ile ya mwisho ilisemaje?"

Alijua kitabu kimepotea. Kikapu kilikuwa chake. Lakini aliuliza kana kwamba kimo mfukoni mwangu, nami nikajikuta nimejibu. Nilisema mwinda alichoka. Nilisema aliiweka chini kamba yake, akafuata njia ya kwao, na kwa mbali akaona nyumba yake. Alidhani ataikuta gofu. Aliikuta imekandikwa, udongo bado haujakauka, alama za vidole ziko ukutani. Akasimama mlangoni, akabisha hodi.

Nyanya aliacha kupaka. Alikaa hivyo, kiganja kimegusa ukuta, mgongo wake kwangu.

"Soma tena hapo," akasema.

Nilikuwa nimeshika udongo mikono yote miwili. Niliitazama mikono hiyo, nikasoma tena. Nilisoma polepole, neno kwa neno, na sikukosea hata moja. Alipomaliza kusikiliza alifuta uso kwa kilemba, akaacha tope kwenye paji la uso wake, akasema, "Omwana one, mwanangu, magoti yangu yamechoka. Nikishindwa, utaikandika?"

Nikasema ndiyo. Nani angesema hapana?

Na niliikandika, usidhani sikuikandika. Miaka kadhaa, yeye akiwa ameketi kwenye kigoda ananionyesha nilipoacha ufa. Hadithi ile aliisimulia risaga nzima, nikasikia baadaye kwamba imekuwa ndefu zaidi, na kwamba mwinda alipikiwa wimbi na mboga za saga na kuku mzima. Kisha nikaenda shule ya bweni, kisha chuo, kisha kazi Nakuru. Nyanya akafariki. Tulimzika karibu na migomba, na nilipopita mbele ya nyumba ile niliona ukuta umepasuka, nikajiambia Desemba. Desemba ikaja, nikawa na mambo yangu. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu nilipokuja, mvua ilikuwa imeimaliza. Nyasi ziliota juu ya tuta dogo jekundu, na ng'ombe wa binamu amefungwa hapo.

Basi ndiyo hali niliyoikuta Desemba hiyo iliyopita, na kitabu mkobani. Risaga haiko tena. Chai inachumwa na vibarua, kila mtu na simu yake masikioni, na nusu ya mteremko imepandwa mikaratusi. Wale wanawake watano amebaki mmoja, jirani wa chini, na ile sauti yake imekwisha, unamsogelea ndipo umsikie. Sikuvumilia. Nilikaa kwanza juu ya ukuta wa birika la maji nikaisoma hadithi ya kumi na mbili, peke yangu, baada ya miaka yote hiyo.

Nikwambie ukweli? Si nzuri. Inahusu zimwi la vichwa viwili lililojificha kwenye kinu cha kusagia ngano. Mwinda analifunga, wenye kinu wanashukuru, anaondoka kutafuta jingine. Hakuna kwao, hakuna nyumba. Yule mwandishi hakufikiria hata mara moja kwamba mtu huyu ana mama. Nilikasirika kama mtoto.

Jirani aliponiona mlangoni na kitabu alikitambua kwa picha. Alipapasa jalada kwa vidole vilivyopinda kwa kuchuma, akacheka bila sauti. "Kumbe kilitoka kiwandani kizima," akasema. Kisha: "Nisomee ile ya nyumba."

Nilifungua ukurasa wa mwisho. Macho yangu yalikuwa juu ya kinu na vichwa viwili, na mdomo wangu ukasema kwa Ekegusii kwamba mwinda alichoka, akaiweka chini kamba yake. Nilisoma hadi hodi. Alinisikiliza huku akitikisa kichwa, akafumba macho, nikadhani amesinzia.

"Baba yako mdogo alikuja," akasema.

Sikuelewa. Nikauliza lini.

"Mwaka juzi, mvua ya masika. Hukuwepo. Nilikataza wasikuambie." Alisema mtu mzima mwenye mvi alishuka barabarani na mfuko wa sukari na shuka jipya la kumpa mama yake. Hakujua kwamba mama alikuwa ameshakufa. Jirani akamwonyesha kaburi. Baba mdogo alikaa hapo. Kisha akasimama, akatazama huku na huku kwenye migomba, akauliza nyumba yake ilikuwa wapi hasa, kwa maana hakupatambua mahali.

"Nilimwonyesha yule ng'ombe," jirani akasema. "Nikamwambia mama yako aliikandika kila Desemba. Hakuniamini, mwanangu. Alidhani namfariji tu. Angekuta hata ukuta mmoja, angeona vidole."

Alilala kwa jirani usiku mmoja, akaondoka asubuhi kabla ya chai. Shuka aliliacha. Jirani alilitoa chini ya godoro akanipa, likiwa bado kwenye karatasi yake ya dukani. Nililipokea kwa mikono miwili.

Sasa ninalo hapa nyumbani Nakuru, pamoja na kitabu, na kurasa zake zote ziko. Katika zile Desemba nilizoziacha zipite, nilikuwa na likizo ya wiki mbili nzima. Kuikandika nyumba ile, nje na ndani, kulichukua siku moja.