Minazi Yangu, Mchanga Si Wangu

Kosa lilikuwa langu mimi. Fomu ya kuomba msaada wa karo ilikuwa kwa Kiingereza, na nyumbani kwetu Likoni hapakuwa na mwingine wa kuisoma. Nilikuwa nimepata nafasi katika chuo cha ualimu huko bara, miaka michache kabla ya uhuru. Barua ya chuo ilisema serikali ingewasaidia wale ambao wazazi wao hawakuweza kulipa, lakini kwanza ni lazima ijue mzazi ana nini.

Nilikaa mkekani na kalamu, baba akakaa kitako mbele yangu.

"Wauliza nini hapo?" akaniuliza.

"Wauliza mali yako, baba."

"Andika minazi sitini. Usipunguze hata mmoja. Hiyo ni karatasi ya serikali, na Mungu naye yuaiona."

Fomu haikuwa na mahali pa minazi. Ilikuwa na mstari mmoja tu wa shamba. Basi nikaandika: shamba la minazi, miti sitini. Nikafurahi kwa kuwa nilijua kuiandika vizuri.

Jibu lilikuja baada ya mwezi, limepigwa chapa. Baba yangu ni mwenye shamba, lilisema, kwa hiyo ana uwezo, na maombi yangu hayakukubaliwa. Nilipomfasiria mama, aliinuka akaenda kupepeta mchele ambao alikuwa amekwisha kuupepeta. Baba alikwenda kuswali alasiri, akarudi. Ndipo akaniambia, "Kesho vaa buibui lako, twende ng'ambo."

Tulivuka kwa feri asubuhi. Baba alikuwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa na kofia aliyoishona mama. Katika ofisi ya elimu tulingoja kwenye benchi mpaka karibu na adhuhuri, kisha tukaitwa kwa karani mmoja kijana, mtu wa bara, mwembamba, mwenye tai iliyokazwa sana shingoni. Jalada langu lilikuwa mbele yake.

"Mzee, mimi naona hapa mko na shamba," alisema.

"Shamba sina," baba akajibu. "Nna minazi."

"Na hiyo minazi imepandwa wapi?"

"Mchangani."

"Mchanga wa nani?"

"Wa wenyewe, wako mjini. Babu yangu alipanda kwa idhini yao, na mimi nawapa ijara yao kila mwaka. Minazi yangu, mchanga si wangu."

Karani aliweka kalamu chini. Alimtazama baba, kisha akanitazama mimi, kama mtu anayehofu kuwa anachezewa. "Kwetu mtu akiwa na mti, ardhi iliyo chini yake ni yake," alisema polepole.

"Kwenu, naam. Huku kwetu ndivyo tulivyo."

Nilidhani angetuambia twende zetu. Watu wengine walikuwa wamejaa kwenye benchi nyuma yetu. Lakini alifungua jalada tena, akasoma nilichoandika, akaniuliza mimi, "Ni wewe uliandika hii?"

"Abee, ni mimi."

"Kamati ya msaada inasoma karatasi, haisomi watu. Na karatasi inasema shamba. Mimi siwezi kubadilisha. Lakini kamati itakaa tena, na nikiona kwa macho yangu, naweza kuandika nilichoona. Jumamosi mtakuwa nyumbani?"

Ijumaa yote mama alihangaika na jambo moja. Akimpikia mgeni vizuri, ataona tuna kitu. Akimpikia vibaya, ni aibu. Alimwuliza baba, na baba akasema, "Mgeni ni mgeni. Pika tunachokula." Basi Jumamosi ikawa muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga, chakula chetu cha kila siku, ila mama alitandika ule mkeka mpya.

Karani alifika kwa miguu kutoka feri, viatu vimejaa mchanga. Alikula akasifu, kisha akatoa daftari. Baba akampeleka kwenye minazi, nami nikawafuata.

Sijapata kumwona baba akizungumza kama siku ile. Alikwenda mti kwa mti, akigusa kila shina mahali palipokatwa alama. "Huu wangu. Huu wangu. Huu wa dada yangu, urithi wake, mimi namwangalilia tu. Hii mitatu ni wakfu, nazi zake zanunua mafuta ya taa ya msikiti. Ile kule kumi na mbili iko rehani kwa mwenye duka tangu mwaka ule mama yake huyu alipougua. Ile mirefu imezeeka, haizai tena, lakini mtu hakati mnazi wa babu yake."

"Wewe uliandika sitini," karani aliniambia.

"Yeye ndiye aliyesema nisipunguze," nikasema, na machozi yakanilengalenga, maana nilikuwa nimeishi miaka kumi na minane kati ya minazi ile nisijue hata nusu ya habari zake.

Baba akanitetea. "Aliandika nilivyomwambia. Wao waliuliza nna nini, nami nikahesabu yote niitunzayo. Hawakuuliza kipi nala."

Karani alisimama pale juani akaandika sana. Tuliporudi kibarazani alisema fomu haina nafasi ya maneno hayo yote, kwa hiyo ataongeza karatasi nyingine na kuibana pamoja nayo. Aliiandika kwa Kiingereza, kisha akamsomea baba kwa Kiswahili, sentensi moja moja, akingoja kila mara baba aitikie. Ilikwenda vizuri mpaka mwisho.

"Huyu mzee ni maskini," karani akasoma.

"Hapo pana neno silitaki," baba akasema.

"Mzee, hilo ndilo neno kamati inatafuta."

"Wallahi, sikulikataa kwa kiburi. Nala, navaa, na leo nimekukaribisha. Maskini ni mwingine, na huenda ombi lake liko mezani kwako. Usinitie mahali pake."

Nilimtazama mama aliyekuwa mlangoni. Aliziba mdomo kwa leso. Mimi moyoni nilikuwa nikisema, baba, kubali tu. Karani alifikiri, akakata mstari mmoja, akaandika mwingine. "Basi nasema hivi: mkulima asiye na ardhi, ambaye mazao yake hayatoshi karo. Hii ni kweli?"

"Hiyo ni kweli," baba akasema, akachukua kalamu akatia jina lake kwa herufi za Kiarabu, polepole, kwa mwandiko wa chuo cha Kurani.

Msaada ulitoka. Serikali ililipa sehemu kubwa, nasi tukaambiwa tulipe iliyobaki, kwa sharti kwamba nikimaliza nifundishe nitakakopelekwa. Baba alinituma kwa yule karani na kikapu cha nazi. Alikataa kukipokea. Alisema akichukua hata nazi moja, ile karatasi haitakuwa kweli tena. Niliogopa kumpelekea baba jibu hilo, lakini alilipenda, akalisimulia msikitini.

Nilipomaliza chuo bendera ilikuwa imekwisha kubadilishwa. Nilipangiwa shule ya Changamwe, nikafundisha watoto wa wafanyakazi wa viwandani kusoma na kuandika. Likizo ya kwanza nilikwenda ofisi ya elimu kumshukuru yule karani, nikaambiwa amehamishiwa wilaya nyingine, na aliyeketi kitini pake hakujua ipi. Sikumwona tena. Jina lake nalikumbuka, na kila nikimwombea baba yangu rehema, la pili kulitaja ni lake.