Dakika Arobaini za Salamu

Mama Pulchérie wa mji wa Baraka alikuwa mtu wa kucheka, na vita vile vya Kongo vya mwaka 2002 havikumbadilisha. Aliongoza akina mama ishirini, nami nikiwemo, tuliopika sabuni ya mawese katika pipa moja lenye viraka. Shirika fulani la Uvira liliahidi pipa jipya, mradi mkaguzi aridhike kwamba hatupotezi chochote kazini. Pulchérie alilitaka pipa hilo hata akaliota.

Mkaguzi, Bwana Placide, alishuka botini na saa na karatasi.

"Depo ya kuweka sabuni iko wapi, mama?"

"Hatuna, papa. Sabuni ya leo inaisha leo. Ukiiweka, baaskari batakuja kuogea."

Placide akaandika alama kumi kwa kumi, kwa kuwa hakuna mali inayolala ghalani. Viwanda vikubwa, alisema, huhangaika miaka kufikia hapo. Pulchérie alicheka mpaka akakaa chini. Soda kali ya kupikia sabuni tuliipima kwa mkebe wa sardini bila kumwaga punje, na moto ulikuwa wa makapi ya mawese yenyewe. Kumi tena. Sisi wengine tukaanza kucheza.

Salamu ndizo zilizotuponza. Kwetu kila anayefika humpa kila mmoja mkono, huuliza habari za watoto, huuliza hali ya njia.

"Dakika makumi ine," Placide akasema. "Hii ni zero. Kesho musalimiane mara moja, bote pamoja."

Kwa pipa lile Pulchérie angekubali hata kuruka kichura. Kesho yake tukaitika "Jambo bote" kama kwaya, na kazi ikaanza papo hapo. Placide alifurahi sana.

Saa nne sabuni ikaganda, haijakatwa. Mkataji ni Solange, naye alikuwa mjamzito wa kujifungua siku yoyote.

"Nani amemupa Solange mukono leo?" Pulchérie akauliza. Hakuna; hakuwa amefika, wala hatukugundua.

Tulikimbia kwake, Placide akiwa nyuma na ndoo ya maji ya moto. Tulimkuta Solange peke yake chumbani, kichwa cha mtoto kimeshatoka. Pulchérie alimpokea binti mnono, mwenye sauti. Tulicheka na kulia kwa pamoja, na aibu ilinishika.

Placide alikaa mlangoni, akafuta ile sifuri. Akaandika: "Salamu: kuhesabu watu. Kumi."

Kisha akaanza kutoa mkono, mmoja mmoja, akiuliza habari za watoto. Alipofika kwa Solange, boti lake la kurudi Uvira lilikuwa limeshaondoka.